Risaga ya Mwalimu Persis

Mtu akikuambia kwamba Mwalimu Persis Gesare alikuwa mpole, ujue hakuwahi kukaa mbele ya taipureta yake. Kwa miaka mingi alifundisha upigaji chapa katika chuo kimoja cha makatibu mjini Kisii, na wengi wa waliokuja kukaa maofisini kutoka Nyamira hadi Nyamarambe walipitia mikononi mwake, au tuseme chini ya rula yake. Rula hiyo ilikuwa ya mti, ndefu, na haikumpiga mtu hata siku moja. Ilipiga meza. Lakini iliipiga kwa namna ambayo mwenye meza alijua vizuri nani aliyekusudiwa. Mwanafunzi alifunikwa mikono kwa kitambaa ili asizione herufi, akaambiwa piga, na akikosea, pa! Hata leo ukiingia katika ofisi moja pale Nyamira ukakohoa kwa ukali nyuma ya katibu wa umri fulani, utamwona ananyoosha mgongo bila kujua kwa nini.

Kompyuta zilipoanza kuingia mjini, chuo kikafungwa. Persis akafanyiwa sherehe ya kuagwa, akapewa kompyuta mbili kuukuu zilizokuwa zimekusanya vumbi katika ofisi ya mkuu wa chuo. Mbele ya watu wote, akiwa na kipande cha keki mkononi, akatangaza kwamba hatarudi Mosocho kupalilia mahindi. Atafundisha mpaka macho yafe. Watu wakapiga makofi. Yeye mwenyewe alipofika nyumbani alijifungia chumbani akalia, maana hakujua atamfundisha nani na atafundisha nini. Alikuwa amezoea kuhitajiwa, na kutohitajiwa kulimtisha kuliko ugonjwa.

Jibu lilitoka Nairobi, ndani ya bahasha iliyoletwa na basi. Mtoto wa dada yake alikuwa amepata kazi na watu wa kompyuta, akamtumia diski chache pamoja na bunda la karatasi za maelezo. Ndani ya diski hizo mlikuwa na programu ya kutengenezea kurasa za wavuti, zile kurasa ambazo watu walianza kusema kwamba siku moja zitasomwa dunia nzima. Programu yenyewe ilikuwa huria, yaani imetolewa bure, na matumbo yake yote yako nje: kila mtu aruhusiwa kuyasoma, kuyarekebisha, na kumpa jirani yake. Persis aliisoma miezi kadhaa, jioni baada ya jioni, karatasi kwa karatasi. Akaipenda kwa mapenzi ambayo mumewe, Makori, alikiri hakuwahi kuyaona yakielekezwa kwake.

Chumba alikipata kwa Jagdish. Huyu Jagdish alikuwa mwenye duka la magodoro alilorithi kwa baba yake, mtu aliyezaliwa papo hapo Kisii, juu ya duka hilohilo, na aliyeishi huko juu na mkewe Kusum. Binti yao Alpa alikuwa amefundishwa chapa na Persis, akapata kazi nzuri Kisumu, na Jagdish hakusahau. Akamwachia stoo ya nyuma ya duka.

"Lakini ni mpaka Januari, Mama Mwalimu," alisema. "Form One wakienda shule, kila mtoto anataka godoro. Lori inakuja imejaa. Nikiona watu hapa ndani wanasoma, hiyo room ni yako, mimi nitajua nitaweka magodoro wapi. Nikiona viti tupu, hapana."

"Utaona watu mpaka ukose pa kupita, Bwana Jagdish," akajibu Persis.

Basi akaweka kompyuta zake, akaziunganisha kwa waya zisemezane zenyewe kwa zenyewe, maana intaneti halisi ilikuwa mbali na simu ya kuifikia ilikuwa na mambo yake. Akaandika tangazo kwa herufi kubwa, akalibandika posta, sokoni na katika milango ya makanisa matatu. MAFUNZO YA KUTENGENEZA KURASA ZA WAVUTI. BURE. PROGRAMU BURE. WANAOCHELEWA WASIINGIE.

Hakuchelewa mtu. Hakuja mtu.

Shida ya kwanza ilikuwa lile neno bure. Mkisii ni mtu wa kazi na biashara; ukimwambia kitu ni cha bure, anakitazama chini kwanza aone kimetobokea wapi. Mwanamume mmoja alisimama mbele ya tangazo pale posta, akalisoma mpaka mwisho, akamuuliza jirani yake, "Sasa hawa wanataka kutuuzia nini?" Mwingine akasema kitu cha bure lazima kina mwenyewe, na siku moja mwenyewe atakuja kukidai. Wakaenda zao.

Shida ya pili ilikuwa Persis mwenyewe, ila hiyo hakuna aliyethubutu kumwambia. Mwishowe alijitokeza kijana mmoja, Andrew, karani wa chama cha ushirika, mtanashati mwenye koti la kijivu. Alitundika koti msumarini, akaketi, akasugua mikono. Persis akamfunika mikono kwa kitambaa.

"Sasa, piga."

"Nipige nini, Mwalimu? Sijui hata hii kitu inafanya nini."

"Utajua baadaye. Kwanza vidole." Pa! Rula ikashuka mezani.

Saa ya chakula cha mchana Andrew aliomba ruhusa akale, akapewa, akaenda. Hakurudi. Koti lake likabaki msumarini wiki baada ya wiki, na Persis akawa analionyesha kwa kila anayeuliza habari za wanafunzi. "Ninaye mmoja," alikuwa akisema. "Ametoka kidogo."

Jagdish naye kila alipofungua mlango wa nyuma aliliona lile koti, akaviona na viti. Siku moja alikuja na kamba ya kupimia akapima upana wa ukuta.

Jioni hiyo Persis alimpitia wifi yake Kwamboka pale Mosocho. Kwamboka alikuwa dada ya Makori, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kutikisa vyombo, na ndiye mtu pekee duniani aliyeweza kumkatiza Persis akiwa katikati ya sentensi. Alimkuta anachambua mboga za rinagu, akamweleza yote, kuanzia tangazo hadi kamba.

"Na hiyo karatasi yako inasema nini?" akauliza Kwamboka.

"Inasema njooni mfundishwe."

"Ndiyo hiyo! Sasa mtu mzima gani anataka kufundishwa? Alifundishwa shule akachapwa, akafundishwa na mama mkwe akatukanwa. Amechoka. Mtu mzima anataka kuombwa, Mwalimu. Mwambie una kazi imekushinda. Ita risaga."

Risaga ni jambo ambalo Persis alilijua tangu yuko mgongoni mwa mama yake. Mtu akizidiwa na kazi shambani huwaita majirani, wakaja wakalima pamoja mpaka kazi ikaisha, naye akawapikia wakala na kunywa. Malipo hakuna, leo kwako, kesho kwangu. Na alipofikiri, akaona kumbe ile programu yake yenyewe ilizaliwa hivyohivyo: watu wa nchi mbalimbali wasiojuana wamekuja kulima shamba moja, kila mtu mstari wake. Ila huko sijui nani alikuwa akipika.

"Lakini sikiza," Kwamboka akasema, akimnyooshea jani la rinagu. "Unajua sheria. Mwenye risaga hakemei mtu. Mtu akilima vibaya unamwambia asante na unamwongezea chai. Ukikemea mmoja tu, wote wanachukua jembe zao wanaenda, na hiyo habari inafika Nyamarambe kabla yao."

"Kwani mimi nakemea watu?"

Kwamboka alicheka mpaka mboga zikamwagika.

Sabato iliyofuata, wakati wa matangazo kanisani, Persis alisimama. Alisema ana kazi imemzidi, yuko nyuma ya duka la Jagdish, na Jumapili asubuhi anaita risaga. Akaketi. Hakueleza ni kazi gani, na hakuna aliyeuliza. Jirani akikuita risaga huulizi ni kazi gani. Unajua la kubeba.

Jumapili asubuhi Jagdish alikuwa anafagia mbele ya duka. Aliinua macho akaona umati umeshika barabara unakuja moja kwa moja kwake, wanawake kwa wanaume, kila mtu na jembe begani. Hiyo ilikuwa ile miaka ya maandamano na fujo, ambayo watu wakijaa barabarani mwenye duka haulizi maswali mengi. Jagdish alidondosha ufagio, akaingia ndani, akateremsha mlango wa chuma kwa kishindo kilichosikika hadi stendi.

"Bwakire, tata!" wakamsalimu kwa adabu kupitia mlango, yaani kumekucha, baba.

Persis alitoka mbio kwa uchochoro wa nyuma, akawakuta wamesimama wanatazama lami na kuta, wakishangaa mtu wa mjini ametaka kulimiwa wapi. Aliyetangulia alikuwa Mokeira, muuza mboga wa Mosocho, na nyuma yake Mzee Machogu, mlinzi mstaafu wa benki, aliyekuwa amenoa jembe lake hasa.

"Mwalimu, shamba iko wapi?" akauliza Mokeira.

Neno "wajinga" lilifika kwenye ulimi wa Persis. Likasimama hapo. Nyuma ya umati, Kwamboka alikuwa amemkazia macho.

"Shamba liko ndani," akasema Persis kwa sauti ndogo. "Asanteni kwa kuja."

Wakaegemeza majembe ukutani, wakaingia. Stoo ikajaa, wengine wakasimama mlangoni. Kwamboka alibandika sufuria ya chai kwenye jiko la makaa uani, akaleta ndizi za kuchemsha, kisha akaichukua ile rula mezani, akaiweka juu ya kiti, akaikalia. Alikuwa na mwili wa kuikalia rula, na Persis alijua kwamba mpaka jioni hataiona tena.

Kazi aliyowawekea ilikuwa ukurasa wa salamu. Miaka ile ungemkuta nani asiyependa salamu za redio? Watu walijaza kadi, wakaandika majina ya wanaowasalimu na ujumbe, wakakaa kando ya redio wiki nzima kusubiri kusikia majina yao, na aliyesomwa alitembea sokoni kama aliyeoa. Persis alikuwa ametengeneza ukurasa wa namna hiyo: unaandika jina lako, jina la unayemsalimu na ujumbe, unabonyeza, salamu inatokea kwenye kioo. Alikuwa ameujaribu mara moja tu. Aliandika jina la kwanza lililomjia, salamu ikatoka sawasawa, akafunga kazi. Kwa maoni yake, kurudia kusoma kazi ni tabia ya wanaokosea.

"Mimi nimepanda," akawaambia. "Ninyi mniangalizie kama kuna magugu. Atakayeona kitu kibaya aseme."

Mzee Machogu akasukumwa mbele. Aliketi, akavua kofia, akaanza kutafuta herufi ya kwanza ya jina lake kwa kidole kimoja, polepole, kama mtu anayetafuta sindano kwenye majani. Aliitafuta juu, akaitafuta chini. Ilikuwa chini ya pua yake. Persis alitaka kupiga kelele. Akatoka nje, akamimina kikombe cha chai, akarudi akakiweka kando ya mzee.

"Asante, tata. Endelea hivyohivyo."

"Sukari kidogo," akasema Machogu bila kugeuka.

Mwishowe akamaliza. Alikuwa amemsalimu mtoto wake aliye Nakuru. Akabonyeza, na kioo kikaandika: Machogu wa Mosocho anamsalimu Jagdish.

Hapo ndipo Jagdish mwenyewe, aliyekuwa amechungulia uani akaona wenye fujo wanakula ndizi, akaingia kwa mlango wa nyuma aone kunafanyika nini. Alisoma kioo. Akasoma tena.

"Mzee Machogu amenisalimu mimi?"

Machogu alikuwa mtu wa heshima; akainua kikombe akanywa chai. Mokeira akachukua nafasi yake haraka, akamsalimu dada yake aliyeolewa Nyamira, akabonyeza. Mokeira wa Mosocho anamsalimu Jagdish.

Jagdish alibadilika uso mzima. Miaka yote hiyo alikuwa ameuza magodoro akisikiliza redio juu ya kaunta, akisikia majina ya wateja wake, majirani zake, hata ya fundi wa viatu wa pembeni, na jina lake halikutajwa hata mara moja. Alikimbilia ngazi. "Kusum! Kusum, njoo uone! Watu wananisalimu!" Kusum akateremka, mikono ina unga wa chapati.

Watu wakatazamana. Kwa bahati mbaya Mokeira alikuwa ameambiwa atakayeona kitu kibaya aseme, naye alikuwa mtu wa kutii.

"Lakini mimi nilisalimu dada yangu," akasema.

Jagdish akageuka. "Dada yako?"

"Na mimi kijana yangu," akasema Machogu, akiitazama kofia yake.

"Basi hakuna mtu amenisalimu," akasema Jagdish. Alisema taratibu, akijaribu kucheka, na kicheko hakikutoka. Kusum akapangusa unga kwenye upindo wa sari, asimtazame mumewe.

Chumba cha Persis kilikuwa kinaondoka mbele ya macho yake, lakini lililomuuma zaidi ni ule uso wa Jagdish. Angeweza kusema mashine imeharibika, nani angejua?

"Ni kosa langu," akasema.

Kwamboka alikaribia kuanguka kutoka kwenye kiti. Hakuna aliyewahi kuyasikia maneno hayo yakitoka katika kinywa kile, Makori akiwa wa kwanza kutoyasikia. Persis akaketi, akaufungua ukurasa kwa ndani ili matumbo yake yaonekane, mistari mingi ya maneno, akasogeza kiti pembeni kila mtu aone. "Gugu liko humu. Mimi nimelipanda. Nisaidieni kulitafuta."

Vichwa vikasongamana. Wasiosoma Kiingereza walisoma herufi, wasiokuja na miwani waliazima ya Machogu, na haikupita muda vidole vinne au vitano vikagonga kioo mara moja. "Hapo! Jagdish yuko hapo!" Na kweli alikuwapo. Siku ile ya kujaribu, Persis alikuwa ameandika jina alilokuwa akiliona kila siku kwenye kibao cha duka, akaliacha ndani ya mstari lilipokaa, kwa hiyo yeyote aliyesalimiwa alikuwa Jagdish.

"Ng'oa," akaamuru Mokeira.

Mzee Machogu akakaa tena ang'oe. Aling'oa jina. Akang'oa na mstari uliokuwa juu yake, na mabano, na kitu kingine ambacho hakuna aliyejua kilikwenda wapi. Ukurasa ukafa kabisa, kioo kikabaki cheupe.

Mkono wa Persis ulinyooka wenyewe kwenda mezani kutafuta rula. Ukapapasa. Kwamboka akakohoa, akajiweka sawa juu ya kiti.

"Asante, tata," akasema Persis, akiurudisha mkono. "Umepalilia vizuri, umepita kidogo tu. Twende pamoja." Akawaeleza, kwa mara ya kwanza bila kitambaa wala vidole, kwamba pale palipokuwa na jina hapatakiwi jina, panatakiwa neno la kuiambia mashine ichukue jina lolote aliloandika mtu. Mokeira akalielewa mara moja: ni kama kumwachia mgeni kiti kitupu, yeyote ajaye akae. Wakairudisha mistari pamoja, mmoja akisoma karatasi za maelezo, mmoja akipiga herufi, wengine wakibisha. Mwenye kusoma kwa sauti alisoma vizuri sana, na Persis alipogeuka kuona ni nani, akamwona Andrew. Alikuwa ameingia kwa kunyata kuchukua koti lake, akanaswa na kikombe cha chai. Persis alifungua kinywa amuulize mbona amechelewa. Akakifunga. Akampa ndizi.

Mokeira akajaribu upya. Mokeira wa Mosocho anamsalimu dada yake Nyamira. Kelele zilizopigwa ziliwatoa watu madukani kuja kuchungulia, na wao pia wakaanza kupanga foleni nyuma ya majembe.

Jagdish alikuwa bado amesimama karibu na ngazi. Mzee Machogu aliporudi kwenye kiti kwa zamu yake, alitazama nyuma, akamwona. Akarudisha kidole chake kwenye herufi, akaanza kutafuta. Alichukua muda mrefu kwelikweli, na hakuna aliyemharakisha. Machogu wa Mosocho anamsalimu Jagdish. Ujumbe: godoro ulimuuzia mama yangu bado iko.

Mokeira akamsukuma atoke, akamsalimu Jagdish na Kusum. Andrew akamsalimu Jagdish. Kwamboka mwenyewe akaomba kusalimu, lakini akakataa kuinuka kwenye kiti chake, ikabidi abebewe kibodi mapajani.

Jagdish alipitisha kiganja usoni, akaja mbele, akaomba akae. Aliandika kwa vidole viwili, akiuma ulimi, watu wote wakisubiri na Persis akiwa nyuma yake na birika mkononi. Akabonyeza.

jagdish wa kisii anamsalimu mama mwalimu na watu ya risaga. ujumbe: magodoro italala kwangu juu

Kusum akasoma kwa sauti mpaka mwisho. "Juu kwa nani?" akauliza.

Chumba kizima kikaangua kicheko. Persis alitazama kioo. Hapakuwa na herufi kubwa hata moja, nukta hazikuwa mahali pake, na jina lake halikuwemo. Akainama, akamimina kikombe mpaka pomoni, akamwekea Jagdish mkononi.

"Asante, tata," akasema, na mara hii yalitoka yenyewe.